Darasa la Majaribio na Mama Mkwe

Mimi ni fundi friji, na mafundi wenzangu huniita Winchi. Jina hilo nililipata siku nilipopandisha friji la milango miwili hadi ghorofa ya tatu peke yangu, wakati wenzangu wawili bado wanabishana nani ashike upande wa chini. Tangu hapo, kila penye kitu kizito anaitwa Winchi, na Winchi haendi mbali kufikiria, anabeba. Kisha akirudi nyumbani anajifungia bafuni, anafungulia maji kwa nguvu, anajinyoosha kiuno taratibu ili mkewe asisikie akiguna.

Mke wangu hakujua habari za kiuno. Kumwambia mke wangu kwamba unaumwa ni kujipeleka polisi mwenyewe. Kesho yake umeshapimwa, umeshakatazwa kubeba hata ndoo, na wateja wako wote wameshapigiwa simu. Nikaona bora nijikaze kisabuni.

Aliyenigundua ni mwalimu mmoja wa mazoezi. Ana studio ndogo juu ya duka la miwani, chumba kimoja chenye vioo ukutani na vitanda vinne ambavyo sikuelewa ni vya nini, na kiyoyozi chake kilikuwa kinadondosha maji. Nilikitengeneza, nikashuka kwenye ngazi, nikainama kuokota bisibisi, na kuinuka kwangu kukawa kwa awamu, kama ujenzi wa barabara. Yule dada alinitazama mpaka awamu ya mwisho. Kisha akasema Jumamosi asubuhi ana darasa la majaribio kwa wageni, halina malipo, nije na nguo inayonyumbulika. Nikamjibu kwamba mimi nabeba mafriji, mazoezi nayapata kazini. Akasema ndiyo, matokeo yake ameyaona.

Neno hilo liliniuma, na mimi nikiumwa na neno silali. Jumamosi nikamuaga mke wangu, nikamwambia naenda kuangalia kiyoyozi cha studio. Haukuwa uongo mtupu, kwa sababu nilikusudia kweli kukiangalia. Wala hakuinua kichwa. Alikuwa sakafuni na rundo la maboksi na utepe wa gundi, anayahesabia vyombo vya mama yake, maana mchana wa siku ile ndiyo ilikuwa siku ya kumhamisha.

Habari yenyewe ni hii. Mama mkwe wangu anaishi peke yake kwenye nyumba yake ndogo yenye ua, na kabla ya mvua kuanza aliteleza bafuni akaanguka. Akalala pale sakafuni mpaka binti yake alipopita jioni kumjulia hali. Mfupa haukuvunjika hata mmoja. Aliyevunjika ni mke wangu. Tangu siku ile anampigia mama yake simu asubuhi, mchana na jioni, na simu isipopokelewa haraka, yeye tayari anatafuta viatu. Familia ikakaa kikao, ikakata shauri kwamba mama aiache nyumba aje kukaa kwetu. Mama akasema anajiweza. Wakamwambia wote wanaoanguka husema hivyo hivyo. Akaomba wamwache mpaka mvua ziishe, na mvua zikaisha.

Kwenye kikao kile mimi nilisema karibu sana mama, nyumba ni yako. Nilisema kwa mdomo mpana na nikaombewa baraka. Lakini moyoni nilikuwa nalia. Mama mkwe wangu nampenda, tena sana, nampenda kwa umbali wa nusu saa ya gari. Mbele yake mimi hukaa wima kama napigwa picha ya pasipoti. Sivai kaptula, silali kwenye kochi, sicheki mpaka meno ya nyuma yaonekane. Alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi miaka yote ya kazi yake, na hata leo akiniangalia najikuta nakagua kucha. Nikajiona nimevaa shati la mikono mirefu sebuleni kwangu mpaka siku ya kuzikwa.

Basi na mawazo hayo nikapanda ngazi za studio. Mlangoni mwalimu akanivua viatu na kuniambia hakuna kufanya bila soksi maalumu, zile zenye vidoti vya mpira chini ili usiteleze. Sikuwa nazo. Akaniazima alizokuwa nazo, za rangi ya waridi, zenye paka. Nikazivaa nikijifariji kwamba hakuna atakayeniona. Aliniambia watu wawili wameahirisha, kwa hiyo leo niko mimi na mwanafunzi wake mmoja tu, bibi mmoja hodari ajabu, nimfuatishe yeye.

Bibi mwenyewe alikuwa kitanda cha pili, amelala chali, miguu yote miwili hewani ndani ya mikanda, anachora duara kubwa polepole bila haraka yoyote. Nikaiangalia miguu. Nikafuata miguu mpaka kichwani. Nikatamani sakafu ipasuke nishukie kwenye duka la miwani.

"Shikamoo, mama," nikasema, macho yangu yote yako kwenye kiyoyozi.

"Marahaba," sauti ikajibu kutoka chini ya miguu, imetulia kabisa.

Akatoa mguu mmoja kwenye mkanda, akatoa wa pili, akaketi, akavuta fulana yake vizuri. Mama ambaye sikuwahi kumwona bila gauni refu na mtandio alikuwa na suruali nyeusi ya mazoezi na soksi za vidoti za kijivu, za heshima. Akazitazama zangu kwa muda. Mwalimu alikuwa amegeuka kuwasha muziki, na mama akaitumia nafasi hiyo.

"Mkwe," akaninong'oneza, "leo hatujaonana."

"Sijamwona mtu, mama."

Hapo nikaelewa kwa nini aliomba aachwe mpaka mvua ziishe. Kumbe zile safari zake za kila wiki, alizomwambia mke wangu ni za kikundi cha akina mama, zilikuwa huku. Na yeye akanielewa mimi, kwa sababu hakuuliza kiyoyozi kina nini.

Kitanda chenyewe ni fremu ya mbao yenye reli mbili. Juu ya reli kuna kigari chenye godoro, unalala juu yake kinakwenda na kurudi. Kigari kinavutwa na springi zenye rangi, nyekundu nzito, bluu ya kati na njano nyepesi. Kwa mbele kuna chuma cha kusukumia na kwa nyuma ndiyo ile mikanda. Mwalimu akanieleza yote hayo vizuri, akanionya kwamba springi atazipanga yeye, mimi nisiziguse. Nikaitikia kwa kichwa. Moyoni nikacheka, kwa kuwa mtu aliyefunga milango ya mafriji mangapi sijui hafundishwi springi.

Tukaanza. Kusukuma chuma kwa miguu nilikuweza, nikatamani hata mama aone. Kisha ikaja ile mikanda. Sitaki kuieleza sana. Mwanamume mzima, baba wa watoto, miguu juu, soksi za paka, pembeni yake mama wa mke wake. Tulilala sambamba macho darini, na nikitaka kumwambia mama jambo namwambia mwalimu. Mwalimu, mwambie bibi muziki huu ni mzuri. Mwalimu, muulize bibi kama upepo wa kiyoyozi haumsumbui. Yule dada alidhani nina haya ya ugeni.

Jambo lililonitia hasira ni mapaja. Mapaja ya Winchi yalianza kutetemeka kabla hatujafika popote, na kigari changu kinarudi kwa kishindo kila mara, wakati cha mama kinarudi kimya kama droo mpya. Mwalimu hakuacha kumsifu. Vizuri sana, bibi. Pumua, fundi. Safi, bibi. Fundi, usikaze shingo. Mimi hasira zangu ziko karibu, na zikija akili huzipisha njia.

Ndipo likaja zoezi la kushika chuma kwa mikono, miguu imekanyaga huku nyuma kwenye kigari, mwili umenyooka kama ubao, unasukuma kigari kwa nyuma kisha unakirudisha. Mwalimu akaniwekea springi nyekundu. Nikajaribu mara moja nikaona nyota. Akaniambia nipumzike, akaenda kumrekebishia mama chuma chake, akanipa mgongo.

Nikapiga hesabu ya kifundi. Springi ndiyo inayovuta. Inayovuta ndiyo inayochosha. Ukiweka nyepesi, kazi inakuwa nyepesi. Nikateremka kimyakimya, nikafungua nyekundu, nikafunga njano, nikarudi juu na uso wa mtu asiye na hatia. Nilikusudia safari hii mama anione ninavyoteleza.

Nilichokuwa sijui ni kwamba kwenye zoezi lile springi haikupingi, inakushikilia. Ndiyo inayokizuia kigari kisikimbie na miguu yako. Nilisukuma kidogo tu na kigari kikaondoka. Kiliondoka na miguu yangu, mikono ikabaki kwenye chuma, na mwili wa katikati ukakosa wa kuutetea. Nikashuka na tumbo, nikagonga ukingo, nikabiringika hadi sakafuni. Si mbali, ni kimo cha kigoda, na sikuumia popote isipokuwa pale pale palipokuwa panauma. Kiuno kikajifunga. Nikajaribu kuinuka, kikakataa. Nikajaribu tena, nikatoa sauti ambayo sijawahi kuitoa mbele ya watu.

Mwalimu alifika mbio akapiga magoti, akanigusa huku na huku, akaniambia nichezeshe vidole vya miguu, nikavichezesha. Akashusha pumzi. Kisha badala ya kunivuta, akageuka akamtazama mama, akamwambia, "Bibi, hili unalijua."

Mama akashuka kwenye kitanda chake. Akaja, akasimama juu yangu, na nikasubiri hukumu. Akaweka mkono kwenye goti lake mwenyewe, akashuka goti moja, akashuka la pili, akakaa sakafuni kando yangu kwa utulivu, mtu ambaye familia nzima ilikuwa imekubaliana kwamba akishuka hapandi.

"Usipigane na kiuno," akasema. "Geukia ubavu. Hivyo. Kunja magoti. Sasa sukuma sakafu kwa mkono, siyo kwa mgongo."

Nikageuka. Nikasukuma. Nikafika magotini nikitweta. Akasema sasa mguu mmoja uje mbele, na mkono wangu niuweke begani kwake. Nikasita, kwa sababu katika miaka yote ya ndoa yangu sikuwahi kumgusa mama yule zaidi ya kumpa mkono wa salamu. Akaona nasita.

"Weka mkono, wewe," akasema. "Heshima utaikuta juu."

Nikauweka, tena kwa uzito, maana sikuwa na namna. Bega halikuyumba. Tukahesabiana pumzi, tukapanda pamoja, mimi nikiguna, yeye kimya. Tuliposimama aliniachia polepole, akavuta fulana yake vizuri, akarudi kitandani kwake kumalizia zoezi. Mwalimu alinilaza chali na mto chini ya magoti mpaka darasa likaisha, na sikubishana naye tena.

Nilimpa mama lifti kwenye pikapu yangu. Njiani nikamuuliza kwa nini hakumwambia binti yake kwamba anajifunza. Akasema angemwambia, mtoto angepata hofu kwamba hata mazoezi yatamwangusha, na angeyakataza. Alitaka amalize kwanza, kisha siku moja ashuke sakafuni na kuinuka mwenyewe mbele yake bila maelezo. Lakini maboksi yamekuja mapema, na binti yake akiwa na hofu hasikii wala haoni. Akijaribu kuinama tu, ananyakuliwa na kuketishwa.

Akageuza uso akatazama nje.

"Ya kwako nimeyaacha kule kule," akasema. "Mtu hatajua kwamba ulianguka. Hata nikihama, nitahama nayo."

Maneno hayo yalinikaba kuliko angeniomba. Angeniomba ningepata pa kujadiliana. Sasa nilibaki na ukweli peke yangu kwenye usukani. Nikisema, nyumba yake inapona, lakini Winchi anakufa rasmi, na kesho yake nimeshapimwa na nimekatazwa ndoo. Nisiposema, mama anahama, tena akiwa amenitunzia siri. Na niseme kweli, wakati huo wala sikuwa nawaza habari za shati la mikono mirefu. Nilikuwa nawaza lile bega.

Tulimkuta mke wangu sebuleni kwa mama yake, katikati ya maboksi. Kabati lilikuwa tupu, mapazia yamekwishashushwa. Akauliza tumekutana wapi. Mama akajibu haraka kwamba nimempitia njiani. Akainama kuokota kitambaa kilichoanguka, na mke wangu akaruka kumdaka, akamketisha kwenye kiti, akamsihi asiguse kitu. Mama akaketi. Akaweka mikono mapajani, akazitazama kuta zake.

Nilipiga moyo konde.

"Mama hahami," nikasema.

Mke wangu akanigeukia na ile sura ninayoijua. Nikasema yote kwa mkupuo kabla sijaghairi. Kwamba kiuno changu kibovu tangu zamani. Kwamba sikwenda kutengeneza kiyoyozi. Kwamba nilianguka kwenye kitanda cha springi kwa ujuaji wangu, nikashindwa kuinuka, na aliyeniinua ni mama yake, ambaye amekuwa akifundishwa kule kipindi chote cha mvua.

Alitutazama mmoja mmoja. Kisha akatingisha kichwa kwa uchungu, akasema mama yake ndiye amenituma, na inajulikana kwamba mimi sikuwahi kumtaka mama kwangu. Sehemu hiyo ya pili ilinichoma, maana sikujua kwamba inajulikana.

Maneno yakawa hayatoshi. Nikasogeza boksi moja kwa mguu, nikalala sakafuni. Nililala kwa maonyesho, lakini kiuno hakikuambiwa kwamba ni maonyesho. Kilipogusa sakafu kikajifunga upya, nikatoa ile sauti tena, na hapo mke wangu akajua sifanyi mchezo. Akanijia, na mama akanyanyua kiganja.

"Kaa hapo hapo, mwanangu. Nitazame."

Nadhani ndiyo sauti aliyoitumia miaka yote shuleni, kwa sababu mke wangu aliganda pale pale na gundi yake mkononi. Mama akainuka kwenye kiti bila kushika kitu. Akaja. Goti moja, goti la pili, sakafuni. Mke wangu akafunga mdomo kwa kiganja. Mama akanigeuza ubavu, akanikunjisha magoti, akanipa bega, na safari hii sikusita. Katikati ya kupanda nilimsikia akiniambia kwa chini nipunguze kula. Nikaanza kucheka, kucheka kukauma, naye akaanza kucheka, na bado hakuyumba. Tukafika juu hivyo, tunacheka na kuguna, mkwe na mkwe, meno ya nyuma nje.

Mke wangu hakucheka. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta.

"Siku ile nilipokukuta chini, mama," akasema, "nilikuita na hukuitika mara ya kwanza."

"Najua."

"Siwezi kukisikia tena kile kimya."

"Najua, mwanangu. Ndiyo maana nilikwenda kujifunza kuinuka."

Mke wangu akamshika mama yake mabega yote mawili, akayabonyeza kwa vidole kama anayepima kitambaa dukani, akayabonyeza tena. Baadaye akaketi juu ya boksi na kujifuta uso kwa mkono wa gauni. Akanitazama, akaniambia kesi yangu ataisikiliza nyumbani, na kuanzia sasa sibebi hata ndoo. Kisha akasimama, akavuta boksi la karibu, akabandua gundi aliyoibandika asubuhi.

"Mama," akasema, kichwa kikiwa ndani ya boksi, "sikumbuki birika nimelitia wapi, na mtu amelala sakafuni mara mbili leo hajanywa hata chai."